Mwaka wa Kadi Bubu

Tulimzika Déo siku ya Alhamisi. Kesho yake, watu wakiwa bado wamekaa kwenye viti vya plastiki katika ua wa nyumba yake hapa Butembo, Papa Muhindo aliomba kusema neno. Déo alikuwa fundi wa ordinateur, kompyuta, na ujana wetu sote wawili ulipita katika atelier, karakana ya huyo mzee. Yeye alikuwa patron wetu, bosi. Siku hizi anatembea na fimbo, watu wanamwachia kiti. Alisimama, akapangusa macho kwa kitambaa, akasema Déo alikuwa mutoto yake, kwamba ni yeye aliyemfundisha kushika tournevis, yaani bisibisi, na kwamba wakati wa vita sisi watatu, yeye, Déo na Ma Kavira ule pale, ndiye mimi, tulipeleka mashine Beni "juu ya kutetea bakimbizi." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akanishika bega, kunipongeza. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakishika hivyo hivyo mpaka chai ikapoa, maana kama ningekiweka chini ningesimama, na kama ningesimama ningesema, na mjane wa Déo alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Nilinyamaza kwa ajili yake. Hapa nyumbani sina wa kunyamazia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Vita ilikuwa ya pili; ile ya kwanza tulikuwa hatujamaliza hata kuihadithia. Mji wetu ulikuwa na wakubwa wake wenye bunduki, Bunia ilikuwa na wa kwake, na Kinshasa ilikuwa kama nchi ya watu wengine tunayoisikia redioni. Biashara, lakini, haikufa. Papa Muhindo alikuwa akipitia Kampala, anapanda ndege hadi Dubai, anarudi na makartoni. Atelier yake ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya soko, ukuta wa matofali upande mmoja na ukuta wa mbao upande wa pili, na nyuma ya mbao ndipo palikuwa depo yake ya bidhaa. Kila alichosema na wateja katika depo tulikisikia sisi, kwa sababu zile mbao zilikauka zikaacha nyufa za kupitisha kidole. Asubuhi baridi ya Butembo iliingia kupitia hizo nyufa, nami nilichapa barua za watu nikiwa nimejifunga kikwembe juu ya koti. Déo alikaa kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha, amezungukwa na mashine zilizofunguliwa tumbo. Alikuwa ananizidi miaka minne. Nilimwita yaya, kaka mkubwa, naye akaniita ndugu, na alinifundisha mengi kuliko shule.

Safari moja patron alirudi na kadi za picha, carte graphique kama tulivyoziita, kile kipande kinachoingia ndani ya ordinateur na kuchora kila kitu unachokiona kwenye ecran. Hizi zilikuwa pia na tundu la kupokea picha moja kwa moja kutoka kamera. Jina lilikuwa moja kwenye makartoni yote na moyo wake ulikuwa mmoja, ila ziliundwa na viwanda vitatu tofauti, na kila kiwanda kilikuwa na namna yake ya kuzipoza zisichemke. Ya kwanza haikuwa na ventilateur, feni, kabisa, ni bamba la aluminiamu tu lenye meno kama kitana. Tuliiita Bubu. Ya pili ilikuwa na ventilateur ndogo kama kifuniko cha chupa, inazunguka kwa hasira, inalia masikioni siku nzima. Hiyo tuliiita Mbu. Ya tatu ilikuwa nene, inakula nafasi ya kadi mbili, na ventilateur yake ilikuwa pana na ya polepole. Hiyo tuliiita Munene. Bubu zilikuwa kartoni nzima. Mbu zilikuwa chache. Munene ilikuwa moja peke yake.

Mteja alikuja wiki ileile. Alikuwa mtu wa sheria, Maître Anselme, wa shirika moja ambalo jina lake sitaliandika. Watu walikuwa wakifika Beni kwa miguu kutoka upande wa Mambasa na Ituri, magodoro kichwani, na wengine hawakuwa na hata godoro. Maître alitaka kuchukua maneno yao kwa picha na sauti kabla hawajatawanyika. Kamera yake ilikuwa imeingia vumbi njiani, haikuweza tena kuzungusha kaseti, kwa hiyo picha ilipaswa kuingia moja kwa moja ndani ya ordinateur, na kwa kuwa waya ulikuwa mfupi, ordinateur ingekaa chumba kimoja na huyo anayesema. Tulimsikia kupitia mbao. "Papa, banasemaka pole pole sana," alisema. "Bengine banasema kama banaungama kwa padiri. Mashine ikipiga kelele, hatutasikia kitu." Papa Muhindo akamjibu asiwe na wasiwasi, vijana wake watapima zote na kumpa karatasi.

Tulipima kwa siku tatu, na hadi leo sijafanya kazi kwa furaha kama ile. Kwa kelele, Déo alichora mistari ya chaki sakafuni, hatua moja moja, akanivisha masikioni écouteurs zilizounganishwa na maikro iliyokaa kando ya mashine. Kisha akarudi nyuma mstari kwa mstari akinong'ona majina ya vijiji: Musienene, Masereka, Kipese, Musienene tena. Mimi nilikuwa nimefumba macho, na nilipaswa kuinua mkono nikimpoteza. Kwa Mbu nilimpoteza kwenye mstari wa pili. Kwa Munene alifika mlangoni na nilikuwa bado namsikia, kama mtu anayesema nyuma ya pazia. Kwa Bubu alitoka nje, akanong'ona akiwa barazani, "Kavira, njaa inaniua," nami nikacheka kwa nguvu hadi patron akagonga mbao.

Joto ndilo lilikuwa na taabu. Tulianza na thermomètre ya dispensaire, ya kupimia homa, ikapasuka kabla Bubu haijatoa hata jasho. Déo akaenda kuazima nyingine kwa mzee mmoja anayepika sabuni ya mawese. Hapa Butembo, dirisha wazi, baridi ikiingia, Bubu ilichemka lakini ikavumilia. Mtu mwingine angeandika hivyo akamaliza. Déo hakuridhika. "Hii si Beni," alisema. "Beni ni chini, kuko joto. Nyumba za kule ni mabati bila plafond chini yake. Na bale batu batafunga madirisha, kwa sababu hakuna mutu atasema mambo ya basoda benye bunduki dirisha wazi." Basi akafunga dirisha, akaziba nyufa za mbao kwa magazeti, akaleta mbabula yenye makaa katikati ya chumba. "Tutajitengenezea Beni yetu," akasema. Kwa kuwa makaa yalikuwa tayari, nilibandika sombe juu yake, na tukakaa wawili katika mvuke wa majani ya muhogo na mawese, jasho likitiririka, tukisubiri. Munene ilikaa saa nzima, na ya pili, picha safi. Mbu nayo ilivumilia, na makelele yake. Bubu ilianza kutoa vinukta, kisha vijisanduku vya rangi kwenye ecran, kisha mashine ikasimama kabisa, kabla hata sombe haijaiva. Tulirudia mara tatu. Mara zote tatu ilikufa.

Niliandika karatasi mimi mwenyewe, Déo akisoma juu ya bega langu. Mstari wa mwisho ulisema hivi: kwa kazi ya Beni, chumba kikiwa kimefungwa, itumike Munene, Bubu isitumike kabisa. Tulikula sombe na bugali tukiwa tumeridhika na dunia, katikati ya vita, kwa sababu tulikuwa tumefanya kitu sawasawa.

Kesho yake Déo alikwenda kurudisha thermomètre. Patron akaingia, karatasi mkononi. "Kavira," akasema, "ondosha hii mustari ya mwisho. Andika Bubu njo inafaa."

"Mais Papa, tuliipima. Inakufa."

"Ilikufa juu ya mbabula! Nani atawasha mbabula ndani ya bureau? Beni na Butembo jua si iko moja? Niko na kartoni muzima ya hizi Bubu. Ile kubwa si ya kuuzisha, niko na kazi nayo."

"Déo atakataa."

"Déo njo patron hapa?"

"Hapana, Papa."

"Donc andika. Na weka majina yenu yote mbili chini. Ule Maître anaamini majina."

Nimejitetea mbele yangu mwenyewe kwa miaka mingi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, kazi hazikuwepo, alikuwa mtu mzima na mimi nilifundishwa kumsikiliza mtu mzima. Yote ni kweli na hakuna linalonifaa. Vidole vilivyofuta mstari ule ni hivi ninavyoandikia. Nilichapa jina langu, kisha nikachapa jina la Déo ambaye hakuwepo, na dakika chache baadaye nikasikia kupitia mbao sauti ya patron, tamu kabisa: "Batoto benyewe bamepima, Maître. Karatasi njo hii." Déo aliporudi sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba tunatumwa Beni wote wawili, yeye kuangalia mashine na mimi kuangalia sauti. Mashine ilikuwa imeshafungwa kwenye kartoni kwa kamba, na yeye alidhani Munene imo ndani.

Njiani askari walitufungulia kartoni kwenye barrière, kizuizi cha barabarani. "Oyo nini?" mmoja aliuliza kwa Lingala, kitu gani hiki, akigonga kasha kwa mtutu. Déo akasema ni mashine ya kuandikia hesabu za maharagwe. Wakatuacha.

Chumba cha Beni kilikuwa katika uwanja wa Mwislamu mmoja mwenye malori, mtu mwema aliyewapokea wakimbizi kadhaa katika vyumba vya nyuma. Kilikuwa na mabati juu, na dirisha moja ambalo Maître alilifunga kwa ubao kwa sababu askari walikuwa wakipita kutwa. Groupe ya umeme, jenereta, iliwekwa mbali, nyuma ya uwanja. Déo alipofungua kasha kuunganisha kamera, aliona lile bamba lenye meno. Alipitisha kidole juu ya yale meno. Kisha akageuka. Maître alikuwa ametoka nje. "Kavira, ni nani aliweka hii?" Nikamwambia yote, na jina lake pia. Hakupaza sauti. Alisema, "Uliandika jina yangu," kisha akarudia, "yangu," na tangu pale hadi mwisho wa mwaka ule hakuniita tena ndugu. Tulimweleza Maître. Naye alikuwa na ripoti ya kupeleka na tarehe zake. Akasema tutafanya kazi asubuhi mapema, dunia ikiwa bado na baridi kidogo, kila mtu kwa ufupi, na mashine itapumzika.

Siku nne mambo yalienda. Siku ya tano alikuja Mama Zaina. Alikaa palepale uwanjani, ni jamaa ya mwenye nyumba, lakini alikuwa hajataka kusema. Siku ile alikuja mwenyewe, na alikuja adhuhuri, jua likiwa juu ya mabati. Déo alimwangalia Maître akatikisa kichwa. Maître akasema kwa sauti ya chini, "Kama nikimurudisha, hatakuja tena." Na ilikuwa kweli. Basi Mama Zaina akaketi, akavuta mtandio, nikavaa écouteurs. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Patron wangu alikuwa amesema kweli juu ya jambo hilo moja: Bubu haikuwa na sauti hata kidogo. Nilisikia mate ya yule mama yakimezwa.

Mume wake alikuwa dereva wa lori njia ya Mambasa. Mama alisimulia walivyotolewa ndani ya lori, walivyopita porini, nani aliyefanya nini na alivaa nini. Sitayaandika hapa, si ya kwangu. Alisema polepole, kwa mnong'ono, hakulia, muda wa saa nzima na zaidi, nasi hatukuthubutu kumkatiza. Mwishoni akasema anataka kutaja majina ya waliobaki porini. La mume wake. La shemeji yake. La binti yake. Na la nne, mtoto wa jirani aliyempokea njiani baada ya mama yake kufa, ambaye, alisema, hana mtu mwingine hapa duniani wa kumtaja ila yeye. Alipolinong'ona lile jina la nne, niliona vinukta kwenye ecran, kisha vijisanduku. Niliona mkono wa Déo ukienda kwenye kasha na kurudi kwa kuungua. Picha ikasimama, uso wa Mama Zaina umekatika vipande, kinywa wazi.

"Imeingia?" aliuliza.

Maître alimtazama Déo, akanitazama mimi. "Imeingia, Mama," akasema. "Aksanti sana." Mama Zaina akainua kichwa, akatoka.

Haikuingia. Déo alihangaika mpaka jua likashuka, lakini mashine ilikuwa imekufa kabla ya kulifunga lile faili, na halikufunguka tena. Jumapili alipanda pikipiki hadi Butembo. Alijua saa ya misa, alijua patron atakuwa kanisani. Mke wa patron alimfungulia, na pale salon, kwenye ordinateur ya nyumbani, alikuta mabinti wawili wa mzee wakikimbiza magari kwenye ecran, picha safi kabisa. Munene ilikuwa humo ndani. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo Papa Muhindo. Déo aliwaomba watoto wampishe, akafungua skrubu, akaichomoa, akaifunga ndani ya shati lake na kurudi Beni siku ileile. Tangu hapo mashine haikusimama tena, na watu wengi walisema hadi mwisho. Patron alitufukuza wote wawili. Alimwita Déo mwizi mbele ya soko zima, na nilipomweleza habari za Mama Zaina alinijibu, "Mashine inakufaka, Kavira. Ni mashine." Huyo ndiye aliyepigiwa makofi. Ningependa wale waliopiga makofi wasome hapa, na mabinti wake wasome, kwa kuwa wao hawakuwa na kosa.

Lakini kabla ya kuondoka Beni nilikwenda chumba cha nyuma, kwa Mama Zaina. Maître alinikataza; alisema mtu yule ametulia sasa, tumwache. Sikuweza. Nilimkuta akipeta mchele kwenye ungo, mlango wazi. Nilipiga magoti, nikamwambia mashine ilikufa, maneno yake yamepotea, na kwamba mimi nilijua tangu Butembo kwamba itakufa na nilifuta mstari uliosema hivyo. Nilimwambia sasa tuna kadi nzuri, tafadhali aje tena.

Aliendelea kupeta. Kisha akauliza, "Weye ulikuwa na ile kitu kwa masikio?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi sema."

Nikasema. Nilimsimulia yeye mambo yake mwenyewe, lori, njia, nguo za wale watu, mto waliovuka. Mara mbili alinisahihisha, kwa upole, kama mwalimu. Nilifika kwenye majina. La mume wake nikalitaja, akaitikia kwa kichwa. La shemeji. La binti yake, na hapo akaweka ungo chini. Kisha nikanyamaza. Alisubiri. Nje mtu alikuwa akipiga maji kwenye pompe. Nililitafuta lile jina nikaona vijisanduku vya rangi tu na mkono wa Déo unaoungua.

"Na ule mutoto?" akasema.

"Mama, nimesahau. Niambie, nitaandika sasa hivi."

Alinitazama. Sikuona chuki usoni mwake, ningepona kama ningeiona. Aliuchukua ungo, akaanza kupeta tena.

"Ile sikupe tena," akasema. "Nilikupatia mara moja."

Mwaka uliofuata alivuka kwenda Uganda na ndugu zake, na sikupata tena habari yake. Nimemuuliza Maître, nimemuuliza mwenye malori, nimemuuliza Déo mara nyingi kabla hajafa. Hakuna aliyelisikia jina lile. Masikio yaliyokuwa yakisikiliza yalikuwa yangu peke yangu.